Shangazi, kila mteja anataka "kama hii"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Ngamiani hapa Tanga na mke wangu na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kudizaini. Natengeneza kadi za mchango na za harusi, mabango ya fleksi, nembo, vipeperushi, stika za bajaji na fulana za vikundi. Nina chumba kimoja cha kazi, kompyuta na printa mbili.

Kazi hii inatoka kwa marehemu baba, ingawa yeye hakugusa kompyuta maisha yake yote. Alikuwa mwandika vibao. Mwenye duka akitaka jina juu ya mlango wake, anamwita baba na makopo yake ya rangi, na mimi namshikia ngazi. Kabla hajafungua kopo alikuwa anavuka barabara, anakaa kwenye baraza ya upande wa pili, anautazama ule ukuta. Anautazama asubuhi, jioni anarudi kuutazama tena, aone jua linapiga wapi. Mimi mtoto nilikuwa nachoka kusubiri. Vibao vyake karibu vyote vimefutika au vimefunikwa na fleksi. Ninachokijua kimebaki kimoja, ukutani kwa duka lililofungwa zamani: DUKA LA NGUO, KARIBU WATEJA. Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, zimepauka. Nasikia mwenye nyumba anataka kupaka rangi upya.

Nilisoma stashahada Dar es Salaam, nikafanya kazi mwaka mmoja kwa mchapaji Kariakoo, baba alipofariki nikarudi nyumbani. Huu ni mwaka wa tisa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakaa kwenye kompyuta mpaka adhana ya alfajiri bila kujua kama usiku umekwisha. Sasa hivi, Shangazi, naiwasha ile mashine saa mbili asubuhi na saa tatu nataka kufunga.

Mteja anaingia, hata hajakaa, anafungua simu: "Nitengenezee kama hii." Ni picha ya kazi ya mtu mwingine kabisa, pengine ya nchi nyingine. Nabadilisha jina, naweka picha yake, naongeza maua, natuma. Anayefuata naye ana simu mkononi. Vijana waliojifunza Canva, ile programu yenye mifano iliyokwisha kupangwa, wanachukua 5,000 kwa kazi niliyokuwa nachukua 20,000. Mwezi uliopita mtu alikuja na nembo aliyotengenezewa na akili mnemba, akanipa 3,000, akasema nimnyooshee herufi tu, kazi yenyewe imeshafanyika.

Kisha kuna mwenye mgahawa mmoja. Nilimchorea nembo, akaomba marekebisho mara 11. Kila akirudi ana maoni ya mtu mpya: shemeji, mtoto wa dada yake, mhasibu. Mwisho akasema ameahirisha mpango wake. Baada ya wiki tatu napita, nakuta bango la mita tatu na nembo yangu juu yake, imevutwa kutoka kwenye picha ndogo niliyomtumia kwa WhatsApp, kingo zote zimechanika kama zimetafunwa na panya. Hakunilipa hata senti, na simu hapokei. Lakini nikuambie ukweli, kilichoniliza si pesa. Ni kuiona kazi yangu imetoka vibaya vile na watu wanapita chini yake.

Kazi moja tu nimeipenda mwaka huu. Kina mama wanaolima mwani huko Mkinga walitaka lebo ya sabuni yao. Hawakuwa na picha ya kunionyesha. Nikapanda gari nikawafuata, nikafika maji yamekupwa, nikawaona wameinama kwenye vile vigingi, kamba zimenyooka mistari, mwani umefungwa kifundo kwa kifundo. Lebo ikaja yenyewe: mistari mitatu ya kamba, na herufi za jina la kikundi zinaning'inia kwenye kamba kama vifundo vya mwani. Rangi moja tu, kijani kama cha chupa, ili uchapaji usiwe ghali. Mara ya kwanza niliichapa kwenye karatasi ya kawaida, unyevu wa sabuni ukayeyusha wino. Nikabadilisha, nikatumia stika ya nailoni na printa ya leza, ikashika. Walinipa 40,000 na sabuni kumi. Lebo hiyo nimeibandika ukutani juu ya kompyuta.

Sasa nimepata nafasi kwenye kampuni ya matangazo Dar. Mshahara ni 850,000, kazi ni kutengeneza matangazo ya mitandaoni, sita kwa siku. Hapa nikipata mwezi mzuri nafika 600,000, mwezi mbaya hata kodi ya chumba inanishinda. Mke wangu anasema twende. Mama, anayekaa Makorora na anaumwa sukari, amenyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Mjomba anasema niache mambo ya kuchora, niweke kibanda cha uwakala wa kutuma pesa. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi.

Je, kazi imeniacha, au mimi ndiye nimeiacha?

Mwana wa Mwandika Vibao, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa kalamu mkononi. Wateja wa simu umewapa mistari michache. Hata yule wa mgahawa umemmaliza upesi. Ulipofika Mkinga ukaanza kuniambia maji yalikuwa yamekupwa, kamba zilikuwa zimenyooka, kijani kilikuwa cha chupa, wino uliyeyuka na ulifanya nini ulipoyeyuka. Mtu aliyechoka kuchora haandiki hivyo. Popote katika barua yako hukusema umechoka kuchora. Umechoka kutoulizwa chochote, na, samahani nikuambie, umechoka pia kutouliza.

Mimi nilifanya kazi miaka 19 kwenye nyumba ya uchapaji, meza yangu ilikuwa ya kusoma prufu, zile nakala za kusahihisha kabla ya kuchapa. Madizaina wengi walipita pale, na wengine walikuwa na mkono wa ajabu. Waliodumu hawakuwa wale wenye mkono wa ajabu. Walikuwa wale waliokuwa wanashuka chini mashineni, wanashika karatasi, wanamuuliza fundi kwa nini bluu iliyokuwa inawaka kwenye skrini imetoka imelala. Kwa sababu skrini inatoa mwanga na karatasi inapokea wino, ndiyo jibu lake, na aliyelijua hilo hakurudia kosa. Wewe ni wa kundi hilo. Uliona wino umeyeyuka, ukaenda kutafuta nailoni.

Baba yako alipovuka barabara na kukaa kwenye baraza ya watu, wewe ulidhani anachelewesha kazi. Kule kukaa ndiko kulikuwa kazi. Brashi ilikuwa inaandika alichokwisha kukiona. Kwa kina mama wa Mkinga ulivuka barabara. Kwa yule mwenye simu huvuki. Unakaa kwenye kiti, unapokea picha ya mtu, unaibadilisha jina. Hapo umejifanya brashi, mwanangu, na brashi inauzwa dukani kwa bei ndogo kuliko ya mtu. Ndiyo maana kijana wa Canva anakushinda bei. Hashindani na wewe wa Mkinga, anashindana na wewe wa "kama hii".

Mteja wa "kama hii" usimkasirikie. Hana maneno ya kusema anachokitaka, kwa hiyo anaonyesha picha, kama mgonjwa anavyoonyesha mahali panapouma. Daktari haishii kwenye kidole. Muulize kitu hiki kitaonwa na nani, akiwa wapi, anafanya nini. Chukua kadi ya mchango, ambayo wewe unaidharau na mimi siidharau hata kidogo. Nimepokea kadi za mchango zisizohesabika. Maua yamejaa, majina ya maharusi yameandikwa kwa herufi za kujipinda hata hujui bwana ni nani na bibi ni nani, na namba ya simu ya kutumia mchango imewekwa chini kabisa, ndogo, rangi ya dhahabu juu ya krimu. Mimi mtu mzima navaa miwani, nawasha taa, na bado naikosea tarakimu. Kamati inalalamika michango haiji! Kadi ile ina kazi moja, ikusaidie kutuma mchango kabla ya tarehe ya mwisho. Itengeneze namba isomeke na bibi wa miaka 70 usiku, tarehe ionekane, na jina la mweka hazina liwe pale pale karibu na namba ili mtumaji ahakikishe. Halafu umwambie mwenyekiti wa kamati kwa nini umefanya hivyo. Hapo huuzi maua tena. Na stika ya bajaji, inasomwa na mtu aliye nyuma yake barabarani, kwa muda wa kupepesa macho. Maneno manne yanatosha. Ukimweleza dereva hivyo ataelewa kuliko unavyofikiri, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anamfuata nyuma.

Ukitaka mwalimu wa haya, fungua sanduku la mama yako. Kanga ni dizaini iliyotangulia kompyuta zetu zote, na sisi watu wa pwani tumeizoea hata hatuioni. Ina pindo inayozunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina. Kila sehemu ina kazi yake. Pindo inaifungia picha isimwagike, mji unabeba pambo, jina linabeba neno, nalo huandikwa kwa herufi kubwa za wazi, mahali ambapo mwanamke akijifunga na kupita, aliye nyuma yake anasoma. Aliyeipanga alijua kitambaa kitakunjwa, kitafungwa kiunoni, kitambeba mtoto, kitafuliwa mara mia. Alijua pia kinauzwa doti, vipande viwili, na kila kimoja lazima kisimame peke yake. Rangi zenyewe ni chache, na bado mwanamke wa Tanga anaingia dukani anachagua moja kati ya mia na anajua kwa nini. Mwambie mama akutandikie tano sakafuni, mkae nazo jioni moja, na umuulize kila moja aliinunua siku gani na kwa neno gani. Mama aliyenyamaza ataongea, nakuhakikishia.

Akili mnemba isikutie homa. Inatengeneza wastani wa vilivyokwisha kuchorwa, na haijawahi kusimama Mkinga maji yakikupwa. Itumie kama unavyotumia kikokotoo. Lakini kazi za 5,000 waachie vijana, nao wana watoto wa kulisha. Au tengeneza mifano yako sita ya kadi, mizuri, yenye namba inayosomeka, uwape wateja wachague, bei moja, marekebisho ya majina na tarehe tu. Kazi ya dakika 20. Hiyo ndiyo itakayokulipia kodi ya chumba, na saa zinazobaki zinakuwa zako.

Sasa mwenye mgahawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe umefanya biashara miaka tisa bila daftari. Kuanzia leo mtu akitaka nembo, mwandikie karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida: atapata nini, lini, kwa bei gani, nani peke yake mwenye kauli ya mwisho (shemeji na mhasibu wamalizane nyumbani kwao), marekebisho matatu ndani ya bei, la nne linalipiwa. Nusu ya pesa kabla hujafungua kompyuta. Anayekataa kutoa nusu amekwisha kukuambia kitu, msikilize. Unapomwonyesha rasimu, tuma picha ndogo yenye maandishi yaliyokatiza katikati. Faili halisi la vekta, lile linalovutwa hata likawa ukubwa wa ghorofa bila kuchanika, linatoka siku pesa imeingia.

Kwa hili lililokwisha kutokea, mwandikie barua ya heshima yenye tarehe, ambatisha rasimu zote 11 na mazungumzo yenu, taja deni na siku ya kulipa. Mtangulize mtu mzima anayeheshimika mtaani. Akikaidi, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hiyo, na ujumbe wa simu ni ushahidi, usifute kitu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na haki yako kwenye mchoro huanza pale unapouchora, si pale unapoandikishwa. Kuandikisha kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia kuthibitisha ukibishaniwa.

Na kubishaniwa kupo. Unamkumbuka mzee Francis Maige, watu walimwita Ngosha, aliyekuwa akielezwa kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa letu? Alifariki Mei 2017, akiwa ameishi maisha ya dhiki Buguruni, na mpaka anazikwa watu walikuwa bado wanabishana nani hasa aliichora. Nembo ile ipo kwenye fedha, kwenye pasipoti, kwenye vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mimi jambo lile liliniuma sana, na linaniuma mpaka leo. Weka rasimu zako zote, hata zile za penseli. Andika tarehe. Tia jina.

Kuhusu Dar nitakuambia ninavyoona, nawe ni mtu mzima utaamua. Matangazo sita kwa siku ni dakika 80 kila moja kama hunywi hata chai. Hakuna kuvuka barabara kwenye dakika 80. Kinachokuchosha Ngamiani utakikuta kule kimewekewa mshahara. Dar yenyewe siisemi vibaya, nimekula chumvi yake miaka mingi. Kama ingekuwa nyumba ambayo utakaa chini ya fundi mzuri, ukajifunza usichokijua, ningekufungia mizigo mimi mwenyewe, hata kwa mshahara mdogo zaidi. Waulize basi, kabla ya mwisho wa mwezi: nani atakuwa juu yangu, naweza kuziona kazi zake, na dizaina aliyekuwa kwenye kiti hiki ameenda wapi? Wakikujibu vizuri, fikiria tena. Wasipokujibu, kaa.

Mke wako usimwache nje ya hesabu hii. Anaposema twende, anasema amechoka na miezi mibaya, na ana haki. Toa kodi ya nyumba ya Dar, nauli za kila siku, safari za kuja kumwona mama na dawa zake za sukari kwenye ile 850,000, mfanye hesabu pamoja mezani, muone kinachobaki. Kisha muombe miezi mitatu ya daftari, nusu mbele na mifano sita ya kadi. Mwisho wa kila mwezi mwonyeshe. Mjomba naye mshukuru, ana nia njema, lakini kibanda kinataka mtu anayependa kuhesabu fedha za watu kutwa, na wewe si huyo.

Nimebakiza moja, na hili halina wiki mbili za kusubiri. Ule ukuta wenye herufi za baba yako. Nenda asubuhi, jua likiwa pembeni, maana mwanga wa ubavuni huonyesha alama za brashi hata rangi ikiwa imepauka. Chukua ngazi, rula na simu. Piga picha kila herufi ukiwa umeikabili sawasawa, uweke rula ndani ya picha. Pima unene wa mguu wa herufi, pima kivuli kinaangukia upande gani na kwa upana gani. Angalia A zake, kwenye kibao hicho zimo tano. Mkono wa mtu haurudii sawasawa, chagua ile unayoona aliitaka yeye. Kisha rudi kwenye kompyuta uzichore upya moja moja, utengeneze fonti kamili utakayoitumia kwenye kazi zako, ya sabuni ya Mkinga ikiwa ya kwanza.

Nimeihesabu ile sentensi yako. Katika DUKA LA NGUO, KARIBU WATEJA kuna herufi 15 tofauti. Kiswahili kinahitaji 24. Zinabaki C, F, H, M, P, S, V, Y na Z. Hizo tisa baba hakukuachia ukutani, itabidi uzitoe kwenye zile 15: H uitafute kwenye mguu wa K na mwamba wa E, P uitoe kwenye R, M uisikilize kutoka kwenye W. S itakusumbua, haina ndugu wa karibu pale. Ikikushinda, nenda ukakae kwenye baraza ya upande wa pili wa lile duka, jioni, uutazame ukuta mpaka uione angeiandikaje. Mwombe mwenye nyumba akuvumilie mpaka Ijumaa kabla hajaleta rangi.

Shangazi